Mume Wangu Huosha Vyombo Akitazamwa Tu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe kwa mwandiko, maana naandika mbiombio nimejifungia chumba changu cha kushonea huku mume wangu yuko jikoni anakaanga mayai, na hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe: mayai yananukia vizuri.

Mimi ni mama wa makamo, nimejaa kidogo (daktari anasema si kidogo), nashona mapazia, cherehani yangu iko chumba cha mbele kinachotazama barabara, na ukipita utanikuta nimebana pini midomoni nawasalimia watu kwa nyusi. Mume wangu ni mkaguzi wa mizani. Kazi yake ni kuzunguka madukani na sanduku lake la mawe ya kupimia, aone kama kilo ya muuzaji ni kilo kweli au ni kilo ya kubahatisha, na akirudi nyumbani hukaa mezani akalalamika kuhusu wale wenye maduka wanaoficha mzani mzuri chini ya kaunta, wakisikia mkaguzi yuko mtaani wanautoa na kuufuta vumbi, akishaondoka unarudi chini. "Watu wana vituko, mama Profesa," huniambia, na mimi humpakulia chakula, naye hula, hufungua gazeti, hulisoma mpaka matangazo ya viwanja. Ni mtu mwema, mcheshi, hana makuu, na tangu tuoane hajawahi kuijua sufuria hata kwa kuonyeshwa. Simlaumu sana. Nilimkuta hivyo kwa mama yake nikamchukua hivyo hivyo, kama mtu anayenunua kabati bila kufungua droo.

Tuna binti mmoja, tunamwita Profesa tangu akiwa mdogo kwa sababu ya maswali yake. Alipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu ng'ambo tulifurahi mpaka tukasahau kuuliza anakwenda kusoma nini. "Sosholojia," akasema. Baba yake akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekua nayo mtaa mmoja, halafu tulipobaki wawili akaninong'oneza, "Hiyo inatibu nini?" Nikamwambia nadhani inatibu jamii. Basi akawatangazia majirani kwamba mtoto anasomea udaktari wa jamii, na binti aliporudi safari hii, mizigo haijafunguliwa, jirani yetu muuza mayai akaja na goti lake. Profesa hakumfukuza. Alimkalisha, akalisikiliza goti lote mwanzo mpaka mwisho, akamuuliza ni nani humsaidia kubeba trei za mayai, na mama wa watu akaondoka akisema maisha yake yote hajawahi kupata daktari mzuri namna hiyo.

Sasa amerudi kwa ajili ya utafiti wa shahada yake ya pili. Anachunguza kazi za nyumbani: nani anafagia, nani anapika, nani ndiye anayekumbuka kwamba sabuni imekwisha. Anakwenda nyumba kadhaa za mtaa wetu, anakaa jikoni mwa watu anatazama, na msimamizi wake wa huko alimwambia aanze na nyumba ya kwao ili aizoee kazi. Siku aliyofika akatukalisha mezani akatueleza vizuri kabisa.

"Mimi nitakuwa natazama tu. Msibadilishe kitu. Fanyeni kama sipo."

"Na hayo utakayoyaona," baba yake akauliza, "yatasomwa na nani?"

"Walimu wangu, baba. Na wanafunzi wenzangu. Majina hayatajwi. Wewe utaitwa Mshiriki Namba Moja, mama Mshiriki Namba Mbili."

"Nimekuzaa mwenyewe halafu niwe namba mbili?" nikauliza.

"Walimu kama wangapi hivi?" baba yake akauliza.

"Baba, fanya kama sipo."

Mume wangu akalikunja gazeti, akaanza kujivuta sikio. Namjua. Akijivuta sikio ujue kuna jambo linapikwa, ila sikujua kwamba safari hii litapikwa kweli.

Kesho yake asubuhi nikasikia vishindo jikoni nikadhani mwizi. Nikachukua rula yangu ya kupimia vitambaa nikanyata ukutani. Alikuwa yeye, mshauri, amevaa aproni yangu ya maua, kamba zimeshindwa kuzunguka tumbo kwa hiyo amezibana kwa kibanio cha nguo, anafungua kabati moja anafunga, anafungua jingine, na binti yetu ametulia pembeni kwenye stuli, anatazama.

"Mpenzi," akaniambia. Mpenzi! Mimi huitwa mama Profesa, na akiwa na njaa huitwa "we mama." "Mpenzi, mbona umeamka? Nilikuwa nakuletea chai kama kawaida."

"Kama kawaida," nikarudia.

"Ila leo sijui birika wameliweka wapi."

Wameliweka! Nyumba hii tumebaki wawili tangu mtoto aondoke. Na birika lilikuwa juu ya jiko, mbele ya tumbo lake, mahali ambapo limekuwa tangu huyo mtoto hajaota meno.

Hapo ndipo ningesema. Ningecheka, ningemwambia "hebu toka hapo we mzee, utajiunguza," na mambo yangeishia pale. Lakini alinivutia kiti. Nikakaa. Akaniletea kikombe. Ilikuwa chai mbaya, sikufichi, majani yanaelea kama boti zilizopotea, sukari imerundikana chini, lakini ilikuwa imeletwa, mshauri, na mimi nilikuwa sijui kwamba chai ya kuletewa ina ladha yake ya peke yake. Nikanywa yote na majani yake.

Basi kuanzia siku hiyo nyumba ikageuka. Anapika, anafagia, anasuuza, na kila anachofanya anakitangaza kwa sauti kama mtangazaji wa mpira ili mtafiti asipitwe. "Nageuza viazi sasa! Naonja mchuzi! Hapa nafuta meza kwa sababu imechafuka!" Mwanzo aliunguza wali mpaka sufuria tukailaza kwenye maji usiku kucha, lakini kumbe mtu yule ana kipaji, alichokosa ni hadhira tu. Siku hizi anapima chumvi kwa mzani wake wa kazini, viazi vyake ni vya kulamba vidole, na juzi alinikaripia kwamba nakata nyanya vibaya. Mimi!

Mdogo wake akaja kututembelea akamkuta kwenye sinki, mikono imejaa povu mpaka viwikoni. Bahati nzuri Profesa alikuwa nje anazungumza na simu.

"Kaka, umefanywa nini?"

"Nifanywe nini? Tunasaidiana, kama siku zote."

"Siku zote zipi? Si wewe uliyechemsha yai mpaka likalia kama bunduki?"

"Punguza sauti. Shika kikombe hicho, suuza."

"Shemeji," akanigeukia, "umempa dawa gani huyu?"

Mimi nilikuwa nimeweka miguu juu ya kigoda. Lakini keshokutwa yake shemeji alirudi, amevaa shati lililopigwa pasi, akauliza kwa upole kama kuna nafasi ya Mshiriki Namba Tatu.

Na mimi, mshauri, nikaingiwa na tamaa, wala sina wa kumsingizia. Profesa alipotaka kumaliza nyumba yetu aende kwa jirani nikamwambia, "Mbona hujaona kupiga pasi? Mbona hujaona madirisha? Hiyo sosholojia yenu haina madirisha?" Akasema kweli mama, akabeba stuli yake, akayatazama madirisha, na baba yake akayafuta yote, ndani na nje, anapiga mluzi. Mimi nimekaa kwenye cherehani nashona huku naimba. Wateja wanasema nimenawiri. Mmoja aliyekuja kuchukua mapazia ya sebuleni akanivuta pembeni akaniuliza siku hizi napaka nini usoni. Nikamwambia sosholojia. Akaomba nimwandikie, akanunue.

Ndipo ikafika siku ya mahojiano, tukakaa chumba cha mbele, mimi na yeye, na mtoto wangu akaniuliza kwa ile sauti yake ya kazi, "Mshiriki, kabla sijarudi nyumbani hali ilikuwaje? Baba alikuwa anapika?" Sasa yeye ameupa mlango mgongo, na mlangoni amesimama baba yake na mwiko mkononi, aproni imemkaa upande, amenitolea macho kama mtoto aliyevunja glasi ya wageni. Nikamtazama yeye, nikaitazama miguu yangu iliyopumzika, nikasema, "Siku zote."

"Siku zote?"

"Ukiondoa akiwa kazini."

Nilidhani ni neno dogo. Wiki hii msimamizi wake akampigia kwa kompyuta, ni mama mmoja wa miwani mwenye kicheko kikubwa, akasema nyumba yetu haifanani na nyumba yoyote waliyowahi kuitazama, kwamba ndiyo iwe kiini cha tasnifu, na kwamba akirudi tu ataizungumzia kwenye mkutano mbele ya ukumbi mzima wa wasomi. Profesa akafunga kompyuta akaanza kucheza kutoka sebuleni mpaka uani, baba yake akamfuata nyuma anacheza na ndoo, mimi nikapiga makofi, shemeji akaingia bila kujua kinachosherehekewa naye akacheza, yaani mtu angechungulia dirishani, lile safi, angedhani tumeshinda bahati nasibu.

Baadaye ndiyo ikaja sindano. Profesa alikuja akaketi chini, karibu na miguu yangu, akawa anaokota pini zilizodondoka, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

"Mama, unajua huko chuoni kila semina nilikuwa natoa mfano wako? Nilikuwa nasema mama yangu alikuwa anashona mchana, anapika jioni, ananifulia sare huku ananisikiliza nikisoma, na baba yuko na gazeti. Ndiyo sababu hata nilichagua somo hili. Kumbe nilikumbuka vibaya. Watoto hukumbuka vibaya, imeandikwa hata kwenye vitabu vyetu. Nimemwomba baba msamaha."

"Umemwomba nini?"

"Msamaha. Jana. Amenisamehe."

Amemsamehe! Mshauri, amemsamehe! Nikamfuata jikoni moto mmoja, nikamkuta anakata vitunguu, machozi yanamtiririka. "Baba Profesa, umemsamehe mtoto kosa gani?" Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Ningefanyaje, mama? Ameomba vizuri." Nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza, halafu nikarudi kwenye cherehani nikajikuta nimeshona pazia la mteja pindo juu chini.

Binti anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Nikimwambia kweli, tasnifu yake naiona imeporomoka, baba yake ataaibika mbele ya mtoto, na chai yangu itarudi ilikotoka. Nikinyamaza, mtoto atasimama mbele ya ukumbi aseme maneno yangu ya uongo kwa kinywa chake, na yale aliyoyaona kwa macho yake utotoni atayafuta. Na mume wangu naye kila siku ananiuliza, "Anaondoka lini hasa?" huku anaipapasa aproni, na sijui anauliza kwa kuchoka au kwa kuhuzunika. Nifanye nini? Na kama ipo njia ya kumwambia mtoto ukweli na bado nikaletewa chai, tafadhali anza na hiyo.

Usiogope kunijibu gazetini, mume wangu hasomi ukurasa wako, anasema ni wa wanawake.

Wako,
Mshiriki Namba Mbili

Tena samahani, naishia hapa, ananiita. Mayai yameiva.

*

Mshiriki Namba Mbili,

Pole na hongera, sijui lipi litangulie. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, tukacheka mpaka wahasibu wa ghorofa ya juu wakapiga sakafu, halafu mhariri wetu, ambaye ni mwanamume mzito wa kazi za jikoni kama mimi, akauliza birika la ofisi huwa liko wapi. Kwa hiyo nyumba moja umeshaitikisa hata kabla sijaigusa yako. Na mimi sitajifanya malaika. Mtafiti akija kwangu akasema nifanye kama hayupo, nitamtii kikamilifu: nitaendelea kulala kwenye kochi, gazeti usoni. Mumeo angalau aliona haya. Haya ni mtaji mzuri, wengine hatuna.

Sasa acha kucheka kidogo nikugombeze.

Hukukosea kukaa kwenye kiti ulichovutiwa. Hukukosea kunywa chai. Hata madirisha nakusamehe, nami nimekusamehe bila kuombwa, kinyume cha mtu fulani. Ulikosea kwa maneno mawili tu: "siku zote." Kwa maneno hayo ulichukua kitambaa chako mwenyewe ukajifuta jikoni kwako mwenyewe. Mama, mtoto yule alikuona! Akiwa chini ya cherehani, hajui hata kusoma vizuri, alikuona ukishona, ukipika, ukifua na kumsikiliza kwa wakati mmoja, akakibeba alichokiona mpaka ng'ambo, akakisimamia darasani mbele ya watu wasiokufahamu. Wewe unawasalimia watu kwa nyusi, yeye huko alikuwa anakusemea kwa sauti. Leo anaomba msamaha kwa sababu macho yake yalikuwa mazima. Hapo mimi sicheki, na nadhani hata wewe, pindo la yule mteja lilipokwenda juu chini, mkono wako ulikuwa umeacha kucheka.

Unaniambia tasnifu itaporomoka. Mimi sosholojia naijua kwa kusikia tu, kama mumeo, lakini hebu nikuulize. Mtu anayefundishwa miaka yote hiyo kazi ya kutazama, anamwona baba yake akitafuta birika lililo mbele ya tumbo lake. Unadhani hakuliona? Aliliona. Ila na yeye ana tamaa yake, kama wewe ulivyo na ya chai. Alitamani awe na baba wa namna hiyo, akatamani iwe ni tangu zamani, na mama yake mzazi alipomwambia ni siku zote, akaamua kuamini. Angeambiwa na mwingine angeuliza zaidi. Sasa mfikirie amesimama ukumbini, na msomi mmoja wa kiti cha nyuma, hawakosekani, anamuuliza, "Na kabla hujafika hali ilikuwaje?" Atakuwa na jibu moja tu, nalo ni lako. Unataka alishike hilo mkononi peke yake, mbali na nyumbani?

Mwambie. Kitakachobaki kwake si kidogo: nyumba ambamo mwanamume mzima alijifunza kupika kwa sababu mtoto wake ameketi pembeni anatazama, na mama akanogewa mpaka akasahau kusema. Mimi ningepanda basi kwenda kuisikiliza hadithi hiyo. Kama ataiweka kwenye tasnifu, au ataitoa nyumba yenu kabisa abaki na za majirani, hilo ni lake na yule mama wa miwani. Usimfundishe kazi. Sosholojia yako wewe ni ya kupaka usoni.

Utafanya hivi. Usingoje uwanja wa ndege, usingoje siku ya mizigo. Kesho, mumeo akiwa kwenye jiko, ili mikono yake iwe na shughuli na asipate pa kukimbilia, mwite mtoto aje na stuli yake. Sema wewe kwanza. Sema, "Nilikwambia siku zote. Si kweli. Ulikumbuka sawasawa." Basi. Usiongeze kwamba baba yako ndiye aliyenitolea macho. Usilie, vitunguu vitalia kwa niaba yenu. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki, na mtoto anayeitwa Profesa kwa maswali hatakosa la kuuliza. Mjibu yote.

Kisha umpishe Mshiriki Namba Moja. Na hapa naomba nigeuke kidogo nizungumze naye, maana najua yupo.

Bwana mkaguzi, shikamoo. Usigeuze ukurasa. Wanaume wote husema ukurasa huu ni wa wanawake, na ndio wanaoniandikia barua ndefu kuliko wote. Umewahi kumkuta mwenye duka anafuta vumbi mzani mzuri kwa sababu amesikia uko mtaani? Nasikia unawajua sana, hata mezani huwaachi. Basi wewe umeutoa wako. Habari njema ni kwamba ni mzani mzima, unapima vizuri, viazi ni mashahidi, na mtu ambaye ameshajua kukemea nyanya za mwenzake hawezi tena kusema jikoni hakujui. Nakuomba jambo moja tu: usiurudishe chini ya kaunta. Na ule msamaha uliompa mtoto haukuwa wako wa kutoa. Urudishe, halafu uombe wako, na uombe vizuri kama alivyoomba yeye. Yule mdogo wako naye mpe kikombe kingine.

Nimerudi kwako, mama. Binti akishaondoka, mwombe apige simu ya picha bila kutoa taarifa, saa yoyote anayojisikia, na neno lake la kwanza liwe, "Nionyesheni sinki." Mumeo hatalalamika, maana yeye ndiye anayejua kwa nini mkaguzi mzuri hapigi hodi mapema. Lakini usimtegemee mtoto awe mlinzi wa chai yako maisha yote. Ana masomo. Jambo lililobaki ni la kwako peke yako, na ndilo gumu kuliko yote niliyokuambia.

Jumapili asubuhi ndege itakuwa imeshakwenda na stuli itakuwa tupu. Usiamke. Jua lipande, barabara ianze kelele, wewe jifunike. Utasikia kabati linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa jingine. Utaitwa: "Mama Profesa, birika liko wapi?" Usijibu. Analijua. Miguu itakuwasha kushuka, vidole vitatafuta ndala vyenyewe, kwa mazoea, vizuie. Ataita tena, pengine safari hii ataita "mpenzi," na hapo unaruhusiwa kutabasamu, ila iwe ndani ya shuka. Ngoja mpaka usikie maji yanatokota na kijiko kinagonga kikombe. Hapo kaa, weka mto mgongoni, nyoosha mikono.

Ikija na majani yanaelea, inywe na majani yake.